Maswali ya Wasomaji: Sensa yasema robo, mtaani ni Kiberber kitupu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Dada yangu amepata nafasi ya kusoma Agadir, Moroko, na amepanga chumba mji wa jirani, Inezgane, kwa kuwa kodi ni nafuu. Analalamika kwamba Kiarabu chake cha madrasa hakimfikishi popote. Dukani, sokoni, kwenye teksi, ni Kiberber asubuhi hadi usiku. Lakini mimi nimesoma kuwa sensa yao ya 2024 inasema robo tu ya wananchi ndio wanaokitumia. Nani mkweli? Na Agadir ina watu wangapi hasa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wakweli. Sensa imehesabu nchi nzima, dada yako amehesabu mtaa wake, na kwa bahati yake amepanga pale pale lugha ile ilipojaa.

Nianze na sensa. Mwaka 2024 ilikuta watu milioni 36.8 Moroko nzima. Asilimia 24.8 walisema wanatumia Kiberber cha aina moja au nyingine, na asilimia 91.9 wakataja Darija, yaani Kiarabu cha mitaani cha Kimoroko. Jumlisha uone: inapita mia, maana mtu aliweza kutaja lugha zaidi ya moja. Walipoulizwa lugha ya mama, Kiberber kikashuka hadi asilimia 18.9. Vyama vya Waamazighi, na hilo ndilo jina Waberber wanalopenda kuitwa, havizikubali takwimu za namna hii; hata zile za 2014 walizipinga. Mimi naona ugomvi huo hauishi leo. Mtu anaongea Kiberber na mamake, Darija na wanawe, Kifaransa ofisini. Karani amwandike wapi?

Kiberber cha huko kinaitwa Tashelhit, nacho ndicho chenye wasemaji wengi kuliko vingine vyote Moroko. Kwao ni bonde la Souss na milima inayolizunguka. Agadir yenyewe ilikuwa na watu kama 421,000 mwaka 2014, na sasa imevuka laki tano. Lakini ukiishia hapo hujahesabu mji. Kusini yake kuna Dcheira, Inezgane, na ng'ambo ya mto Souss kuna Aït Melloul, na nyumba zimeshikana hata hujui umetoka wapi umeingia wapi. Mwaka 2014 Aït Melloul peke yake ilikuwa na watu 171,000, Inezgane 130,000, Dcheira laki moja. Pamoja na Agadir, ni laki nane na ushei.

Agadir yenyewe Darija husikika zaidi kuliko kwenye hiyo miji ya jirani, na tofauti hiyo ina historia yake. Usiku wa tarehe 29 Februari 1960 tetemeko liliiangusha Agadir. Walikufa watu wapatao 15,000, kiasi cha theluthi ya wakazi. Mji ukajengwa upya kusini kidogo ya ule wa zamani, ukafunguliwa kwa watalii, na wafanyakazi wakaja kutoka kila pembe ya nchi. Ndiyo maana ufukweni utasikia Darija na Kifaransa kwanza. Waliokuwa wakishuka milimani kutafuta kibarua wao walikwenda kukaa kwenye hiyo miji ya jirani yenye kodi nafuu, kama dada yako.

Nilipokuwa nasoma huko nilipanda sana ile teksi kubwa ya kwenda Inezgane, abiria sita mmebanana kama dagaa kwenye kopo. Mkitoka Agadir stori ni Darija. Simu ya mtu ikiita, ni mama yuko kijijini, anajibu kwa Tashelhit, dereva anadakia, na mpaka mnafika stendi gari zima limehamia huko. Wala hawakuwa wanabagua mtu. Mgeni akiuliza, wanamjibu kwa Darija bila kinyongo.

Yale maandishi ya ajabu kwenye vibao, ambayo bila shaka atakutumia picha, ni Tifinagh. Serikali iliyachagua mwaka 2003, na katiba ya 2011 ikaifanya lugha yenyewe kuwa rasmi pamoja na Kiarabu. Asijisumbue nayo kwa sasa. Wazee wengi wanaoiongea lugha hiyo tangu utotoni hawayasomi.

Mwambie aanze na Darija, maana Kiarabu cha madrasa nusu ya njia kishampa. Tashelhit ajifunze salamu na hesabu: yan, sin, krad, yaani moja, mbili, tatu. Na akisikia bei za kutisha sokoni asikimbie. Wauzaji wengi wanataja bei kwa riali, na riali 20 ni dirhamu moja tu. Nyanya za riali 100 ni dirhamu tano. Alipe, achukue nyanya zake.