Makefile iliyofagia mradi wangu

Wewe unayeanza kutunza skripti za kujengea programu, nikuanzie na aibu yangu. Juu ya Makefile, faili la maelekezo linalosomwa na Make, zana ya kujengea programu, niliweka `.ONESHELL:`, kisha kwenye lengo (kazi yenye jina) la kusafisha nikaandika mistari miwili: `cd build` ya kuingia folda hiyo, halafu `rm -rf *` ya kufuta vilivyomo. Kwangu ilienda vizuri kwa miezi. `.ONESHELL` huiambia Make iendeshe mistari yote ya lengo ndani ya sheli (programu inayotekeleza amri) moja, kwa hiyo `cd` ya mwanzo inashika hadi mwisho.

Siku nilipohamia mashine nyingine, Make yake ilikuwa toleo la 3.81. `.ONESHELL` ilikuja na 3.82, mwaka 2010. Ile ya zamani haikulalamika hata kidogo. Iliiona kama jina la lengo jingine tu, ikafungua sheli mpya kwa kila mstari, na `rm` ikafagia folda nzima ya mradi. Kilichoniokoa ni kwamba `*` haigusi majina yanayoanza na nukta, hivyo `.git`, folda ambamo Git hutunza historia ya kazi, ilibaki. Kazi ya asubuhi ile, ambayo sikuwa nimeikabidhi kwa Git, ilikwenda. (Na ndiyo, `rm -rf build` ingetosha tangu mwanzo.)

Usidhani 3.81 ni ya makumbusho kwa kuwa ni ya mwaka 2006. Apple imeendelea kuiweka kwenye zana zake za macOS, maana matoleo yaliyofuata yalihamia leseni ya programu huria ya GPLv3, ambayo Apple huikwepa. Sheli ya Bash 3.2 nayo imebaki humo vilevile. Hiyo angalau ina adabu: ukiipa `declare -A`, kitu cha Bash 4.0, inakukatalia waziwazi. Ninayemwogopa ni anayekaa kimya. Mfano mwingine ni `&:` ya Make 4.3, inayosema amri moja inazaa mafaili kadhaa. Make ya zamani huidhania `&` kuwa lengo, kisha inarudia amri ileile kwa kila faili. Ongeza `-j`, inayoendesha kazi kadhaa kwa pamoja, uone michakato miwili ikigombania faili moja.

Dawa yake ni fupi. 3.81 tayari inakijua kigeu `.FEATURES`, orodha ya mambo ambayo Make hiyo inayaweza, kwa hiyo iulize kabla ya kuiamini:

`ifeq ($(filter oneshell,$(.FEATURES)),)`
`$(error Make hii ni ya zamani mno)`
`endif`

Kwa CMake, zana inayokuandikia faili za kujengea kama Makefile, mtego uko kwenye namba unayotangaza kuwa toleo la zamani kabisa linalokubalika. Ukiandika `cmake_minimum_required(VERSION 3.5)` halafu ukaita amri `target_link_directories`, iliyoingia toleo la 3.13, CMake yako mpya itapitisha bila neno. Anayeumia ni mwenye 3.5 uliyemwahidi. Kushusha namba mno nako kuna gharama: CMake 4.0 ya mwaka 2025 inakataa mradi unaotangaza chini ya 3.5. Mimi huandika masafa, `3.5...3.30`; CMake ya zamani husoma namba ya kwanza na kupuuza iliyobaki.

Lakini namba hiyo naiandika tu baada ya kuweka CMake 3.5 yenyewe ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa) na kujenga mradi wote kuanzia folda tupu, kila badiliko linapoingia. Ikinichosha kuitunza, napandisha namba na kuwaambia watumiaji kabla hawajakwama.