Jibu: Kompyuta ya steshenari inakataa Windows 11

Mkuu, umesema mashine yako ya pale Mwanjelwa, Mbeya, ni Core i5 ya kizazi cha 4, RAM 4GB, ni nzito, imekataa Windows 11 na fundi anataka akuuzie nyingine. Usikimbilie kutoa hela.

Kukataa ni kweli. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), na kwa Intel ni prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Kuilazimisha kunawezekana, ila mimi wateja siwawekei, maana sasisho kubwa likija linaweza kugoma. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, lakini bila sasisho za usalama virusi ni hatari, na steshenari inachomekwa flashi za mji mzima!

Sasa huo uzito unaolalamikia: mchawi mkubwa ni hard disk ya kuzunguka. Weka SSD ya SATA (diski isiyozunguka, inayoingia palepale pa hard disk), hata 240GB inatosha, na RAM ifike 8GB. Nunua RAM ya aina ya DDR3, DDR4 haiingii. Na ufungue kifuniko upulize vumbi. Vumbi la kiangazi cha huku linaziba feni, prosesa ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe, baridi ya Mbeya isikudanganye.

Kama kazi ni kuchapa na kuprinti tu, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. LibreOffice, programu yake ya kuchapa, inafungua mafaili ya Word, ila majedwali wakati mwingine yanahama.

Printa yako ni modeli gani? Hiyo ndiyo inaweza kukukwamisha ukihamia Linux.