Dada yake Thjalfi: nilivyoandika upya riwaya iliyorudishwa

Ijumaa nimesaini mkataba wa riwaya yangu ya vijana na toka nimepost ile picha inboksi imejaa, karibu wote mnauliza kitu kimoja, dada na mimi naandika hadithi za watoto za safari na hatari, nataka kuweka miungu ya Waviking, wale watu wa kale wa Ulaya ya kaskazini, Thor wa radi, Odin mkuu wao, Loki mjanja, nianzie wapi? Naandika hapa mara moja maana kujibu mmoja mmoja sitaweza.

Kwanza mjue nilivyoanguka. Muswada wa kwanza niliuandika miezi nane, usiku, wanangu wakishalala. Nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja, simtaji. Siku ya kuitwa nilivaa gauni la harusini, nikasema leo ndo leo. Mhariri akafungua ukurasa wa kwanza mbele ya wenzake wawili akaniuliza, Loki ni nani yake Thor? Nikajibu bila wasiwasi, ni mdogo wake. Wakaangaliana. Akasema dada, hii umeitoa kwenye muvi, akausukuma muswada ukarudi upande wangu wa meza. Pale sikulia, nililia kwenye daladala, na mpaka leo nikipita mtaa ule roho inaniuma.

Lakini kwenye lile swali alikuwa sahihi. Loki baba yake ni jitu anaitwa Farbauti, na undugu alionao ni na Odin, wamechanjiana, damu ya huyu imechanganyika na ya yule. Ukishajua hilo hadithi yote inageuka, maana ndugu wa kuzaliwa hukumchagua, ila wa kuchanjiana ulimchagua mwenyewe, ukakata ngozi yako kwa ajili yake, halafu ndo anakuja kukumaliza. Mtoto wa miaka 11 aliyegeukwa na rafiki yake shuleni anaelewa hilo haraka kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo someni chanzo. Narudia, someni chanzo, acheni muvi. Kuna kitabu cha hadithi za miungu hiyo cha Snorri Sturluson wa Aisilandi, Edda, cha miaka ya 1220 hivi, na kuna mashairi ya zamani zaidi kwenye muswada mmoja wa ngozi, Codex Regius, uliokaa Denmaki miaka 300 na ushee mpaka wakaurudisha Aisilandi mwaka 1971. Tafsiri za Kiingereza zipo, nilisoma polepole na kamusi pembeni. Mama yangu aliniona nazo akaniambia mwanangu, hiyo miungu ya nini humu ndani? Nikamweleza mama, huyu Snorri mwenyewe alikuwa Mkristo, watu wake walishabatizwa miaka 200 nyuma, aliandika ili washairi wasipoteze ufundi wa lugha yao. Akanyamaza, kesho yake akaniuliza yule mbwa mwitu wa kwenye kitabu, Fenrir, aliishia wapi.

Sasa kilichonitoa ni mbuzi. Thor anasafiri na Loki, usiku wanafikia kwa mkulima maskini. Thor anachinja mbuzi wake wawili, wale wanaomvutia gari, anawapika, anakaribisha familia yote, anatandika ngozi mbali kidogo na moto anasema kuleni lakini mifupa tupeni juu ya ngozi. Kijana wa yule mkulima, Thjalfi, anachukua mfupa wa paja anaupasua kwa kisu apate uboho. Asubuhi Thor anainua nyundo juu ya zile ngozi na mbuzi wanasimama wazima, ila mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Thor anakunja uso, anaishika nyundo kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vinakuwa vyeupe. Mkulima anatetemeka, wanalia wote, na ili yaishe Thor anawachukua watoto wawili wawe watumishi wake, Thjalfi na dada yake Röskva.

Niliwasomea hiyo watoto wa dada yangu, wa miaka 9 na 12, umeme umekatika tuko na mshumaa. Yule wa kike akauliza, na Röskva alifanya nini? Nikatafuta. Thjalfi baadaye anashindana mbio na Wazo lenyewe kwenye ukumbi wa majitu, yeye Röskva anatajwa tu kwamba yupo. Hakula uboho, hakuvunja kitu, kachukuliwa kwa kosa la kaka yake na hakuna aliyemuuliza. Nikafuta kurasa zote nikaanza na yeye amekaa karibu na moto anamuona kaka yake anachomoa kisu.

Hapo ndipo pa kutafuta jamani, mtu aliyetajwa halafu akaachwa. Wengi wenu mnaanza na miungu kumi ukurasa wa kwanza, mti wa dunia, dunia tisa, mtoto kashafunga kitabu. Chukua kitu kimoja umpe aone. Mbwa mwitu Fenrir miungu walimfunga kwa utepe laini kama hariri, uliotengenezwa kwa sauti ya nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, kano za dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Akakataa kufungwa mpaka mmoja wao amuwekee mkono mdomoni, na aliyeuweka ni mungu Tyr, yule yule aliyekuwa anamlisha toka mdogo. Utepe ulipogoma kukatika wote wakacheka, isipokuwa Tyr, maana mkono ulikuwa umeshakwenda. Hapo usielezee kitu, usiweke mawaidha, watoto wataongea wenyewe, wa kwangu waligombana mpaka mshumaa ukaisha, mmoja anasema Tyr ni shujaa mwingine anasema ni msaliti.

Na wewe kaka uliyenitumia sura tatu, nimezisoma. Loki wako ni mdogo wake Thor. Rekebisha hapo kwanza, halafu nitumie tena.