Je, Kahawa Iliyogandishwa Inastahili Bei Yake?

Ndugu, umeuliza kama kahawa iliyogandishwa ya kampuni ya Cometeer, inayotengenezwa Gloucester, Massachusetts, Marekani, inamfaa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na asiye na kinu cha kusagia buni. Kwa hali yako inafaa, ila nisingeifanya kahawa yangu ya kila siku.

Sifa yake kubwa ni ladha. Kahawa ikishasagwa hupoteza harufu upesi kwa kukutana na hewa, ilhali hii hupikwa ikiwa nzito, kutokana na buni za wakaangaji wanaoheshimika kama George Howell, kisha hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika ndani ya kikopo cha alumini, hivyo harufu husalia hadi utakapoiyeyusha na kuongeza maji moto. Utaitofautisha ya Ethiopia na ya Kolombia bila shida.

Kinachonitia wasiwasi ni gharama. Kikombe kimoja hufikia takriban dola 2, na buni nzuri unayojipikia hugharimu pungufu ya hapo. Tena vikopo vinahitaji nafasi kwenye friza, na mzigo husafirishwa kwa barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa), ambayo kamwe isishikwe kwa mikono mitupu wala kuachwa katika chumba kisichopitisha hewa, hasa penye watoto. Alumini hurejelezwa ikisuuzwa.

Kabla ya kujiandikisha kuletewa vikopo mara kwa mara, soma kwa makini masharti ya kusitisha oda, kisha uagize kiasi kidogo kwa asubuhi za kazi tu. Mwishoni mwa juma jipikie kwa chujio la karatasi.