Ukengeufu au uhalifu? Na kwa nini "aliiba" sio sawa na "mwizi"

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma sosholojia, naandika kuhusu nadharia za uhalifu. Kuvunja sheria naita uhalifu, kuvunja desturi pia naita uhalifu, mwenzangu anasema hilo la pili ni ukengeufu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako yuko sahihi. Uhalifu unatoka kwenye halifu, kwenda kinyume na amri, na siku hizi ukilitaja tu mtu anawaza polisi na mahakama. Ukengeufu ni kukengeuka, yaani kuiacha njia wanayopita wenzako, haihitaji sheria iliyoandikwa. Mtu akienda msibani akawa anacheka kwa sauti amekengeuka, ila nani atamkamata? Na boda akibeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, anavunja sheria lakini mtaani hakuna hata anayegeuka kumwangalia.

Ila kuna kitu nataka ukishike zaidi ya hicho. Howard Becker, mwanasosholojia Mmarekani, aliandika mwaka 1963 kwamba ukengeufu haumo ndani ya kitendo chenyewe, unatokana na watu wanavyokipokea na jina wanalompa aliyekifanya. Sasa angalia Kiswahili. Ukisema "kijana aliiba kuku", ile -li- inakifunga kitendo kwenye siku yake, kimepita. Ukisema "mwizi", hapo hakuna wakati tena, kiambishi cha ngeli, ile mw- ya mwanzo, pamoja na -i ya mwisho vimechukua tendo la siku moja vikaligeuza kuwa mtu, na miaka kumi baadaye bado ni mwizi. Ndo hivyo hivyo amelewa na mlevi. Edwin Lemert, mwanasosholojia mwingine, alishalisema hilo mwaka 1951, kuna ukengeufu wa awali, yaani kitendo chenyewe, halafu kuna wa pili, unaokuja mtu akishalipokea lile jina akaanza kuishi nalo.

Kwa hiyo nadharia hii mi naiita ya kupachika majina, napenda kuliko "nadharia ya lebo", manake kilichopachikwa hakikuota pale, kuna mkono umekiweka.

Hili linanigusa kwa kweli, nishasikia "mwiziii!" ikipigwa sokoni, hakuna anayejua nani kaiba nini, watu tayari wameokota mawe. Kwenye kazi yako ukieleza tendo andika "vijana walioiba", ukieleza jina andika "vijana walioitwa wezi", na usiandike "wezi" peke yake kama hujasema nani kawaita.