Tachi na katana hutofautishwaje?

SWALI: Panga za kale za Kijapani huitwa tachi au katana, lakini kwenye picha naziona zote zimepinda kidogo na zina makali upande mmoja tu. Wataalamu huzitofautishaje, na kwa nini upanga mmoja wakati mwingine huhusishwa na majina yote mawili?

JIBU: Ndugu msomaji, urefu peke yake hautakusaidia, kwa kuwa zote mbili kwa kawaida huzidi shaku 2, yaani sentimita 60.6 hivi. Zilitofautiana kwanza kwa namna ya kuvaliwa: tachi, silaha ya wapiganaji wapanda farasi wa enzi za Heian na Kamakura (karne ya 8 hadi ya 14), ilining'inizwa kiunoni makali yakielekea chini, ilhali katana, iliyoenea katika enzi ya Muromachi (karne ya 14 hadi ya 16), ilichomekwa mshipini makali yakielekea juu.

Ushahidi wa jambo hilo umo kwenye msuka, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, ambako mhunzi alichonga sahihi yake, iitwayo mei, kwa kawaida upande uliotazama nje upanga ulipovaliwa. Upanga ukivuliwa mpini na kusimamishwa ncha juu, sahihi ikikuelekea, makali yakiwa kuliani mwako hiyo ni tachi. Yakiwa kushotoni ni katana. Hata hivyo, wapo wahunzi waliofuata desturi yao wenyewe, na maarufu kati yao ni Tadayoshi wa Hizen, aliyezitia katana zake sahihi upande wa tachi.

Mkanganyiko unaouuliza hutokana na suriage, yaani kufupishwa. Tachi nyingi ndefu zilikatwa baadaye ili zivaliwe kama katana, na zilikatwa upande wa msuka, kwa sababu kukata ncha kungeharibu makali yaliyokwisha kuimarishwa kwa moto na maji. Hivyo sahihi ilisogea hadi karibu na mwisho wa msuka, au ikapotea kabisa. Mara nyingine kipande chenye sahihi kilihifadhiwa na kupachikwa kwenye msuka mpya.

Kwa maoni yangu, madhara makubwa zaidi hufanywa na mmiliki anayesugua kutu ya msuka akidhani anausafisha. Rangi na umbile la kutu hiyo humsaidia mtaalamu kukadiria umri wa upanga na kugundua sahihi ya kughushi, na ikishaondolewa, hakuna fundi awezaye kuirudisha.