Wasomaji Wanauliza: Tutapigwa Kalenda Mpaka Lini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilianza kuusoma mfululizo wa riwaya za fantasia wa George R. R. Martin nikiwa mwanafunzi, kwa kuazima juzuu ya kwanza kwa rafiki ambaye mpaka leo hajarudishiwa kitabu chake. Baadaye nilizinunua zote tano, nikazisoma mara mbili, na ile ya tatu imekatika mgongo hata naifunga kwa mpira ili kurasa zisimwagike. Juzuu ya tano ilitoka mwaka 2011. Tangu hapo nimeoa, nimepata mtoto, na mtoto huyo sasa anajisomea vitabu vyake mwenyewe, lakini mimi bado sijajua kilichompata kijana aliyeachwa akivuja damu kwenye theluji. Muda wote huo mwandishi ameandika mambo mengine, amehudhuria makongamano, na hata kutoa maoni yake kuhusu mpira wa Kimarekani katika blogu yake. Mke wangu ananiambia kwamba mtu huyo hadaiwi nami chochote, kwa kuwa nililipia vitabu vitano nikapata vitabu vitano. Mimi nasema aliyeyavulia maji nguo hana budi kuyaoga. Nani kati yetu yuko sahihi, na je, ni utovu wa adabu kumkasirikia mtu nisiyemjua kwa kazi ambayo hajaimaliza?
Msomaji wa Juzuu ya Tano

JIBU: Ndugu yangu, kwenye hesabu ya fedha mkeo amekushinda. Hukutia saini mkataba wowote na mwandishi uliponunua juzuu ya kwanza; mwenye mkataba naye ni mchapishaji, na ndiye anayeweza kumdai mswada, au kumdai arudishe malipo ya awali. Swali lako liliwahi kuulizwa hadharani mwaka 2009, wakati hata hiyo juzuu ya tano ilikuwa bado inasubiriwa, pale msomaji mmoja alipomwandikia mwandishi mwingine wa fantasia, Neil Gaiman, akitaka kujua kama Martin alikuwa anawakosea wasomaji wake. Gaiman alimjibu, kwa maneno makali kuliko yanayoruhusiwa katika safu hii, kwamba mwandishi si mtumwa wa msomaji. Jibu lile nimelisoma mara nyingi, na kila mara nalikubali mpaka katikati, kisha nakwama.

Ninakokwama ni kwenye jalada. Mtu anayenunua riwaya ya kwanza ya mfululizo anauziwa mwanzo kwa bei ya kitabu kizima, na anakubali kuilipa bei hiyo kwa sababu ameambiwa kwamba hadithi inakwenda mahali fulani. (Sijapata kumsikia msomaji wa mashairi akilalamika kwamba diwani imeisha bila kumwambia nani ameshinda vita.) Maneno "juzuu ya kwanza" yaliyopigwa chapa juu ya kitabu ni ahadi, ingawa si ahadi ya kupelekwa mahakamani, na anayekwambia kwamba huna sababu ya kusononeka anajifanya haoni maneno hayo.

Hata hivyo, usikimbilie kumwita mvivu. Martin mwenyewe amezoea kuwagawa waandishi katika makundi mawili, wasanifu wa majengo, ambao huchora ramani ya nyumba nzima kabla ya kuweka tofali la kwanza, na wakulima wa bustani, ambao hupanda mbegu wakaangalia kitakachoota, na yeye hujihesabu katika kundi la pili. Hadithi aliyoipanga kwanza iwe na juzuu tatu sasa imekusudiwa kuwa na saba. Tazama miaka yenyewe: 1996, 1998, 2000, kisha 2005, kisha 2011. Juzuu tatu za mwanzo zilikuja kwa kasi ambayo leo hatuikumbuki, halafu bustani ikamea magugu. Baada ya juzuu ya tatu alikusudia kuiruka miaka mitano ya hadithi ili wahusika watoto wapate kukua, akaandika kwa mpango huo kwa muda mrefu, kisha akaona kwamba kila sura imejaa watu wanaokumbuka mambo ambayo msomaji hakuyashuhudia, na mpango mzima akautupa. Kilichofuata kikavimba mpaka hakikuweza kujalidiwa kitabu kimoja, ikabidi kigawanywe, nusu ya wahusika huku na nusu kule. Mwishoni mwa kitabu cha mwaka 2005 aliwaarifu wasomaji kwamba anatumaini sana kuitoa ile nusu nyingine mwaka uliofuata. Ilichukua miaka sita.

Kama unataka kujua kwa nini ilichukua sita, chukua karatasi uandike majina ya watu watatu, kila mmoja na njia yake, wote wakielekea mji mmoja ambao malkia wake anakaribia kuolewa. Mmoja ni mwana wa mtawala anayekuja kumposa. Akifika kabla ya harusi, ana matumaini, na malkia ana uamuzi wa kufanya. Akifika siku ya pili yake, safari yake yote imegeuka kichekesho cha kusikitisha. Ukibadilisha siku ya kufika kwake, umebadilisha kila mazungumzo katika jumba la kifalme, na pia sababu za yule wa pili kukawia njiani, na yale atakayoyakuta wa tatu akitia nanga. Hilo ndilo fundo lililomshika Martin kwa miaka, akiziandika sura zile zile upya na kumfikisha mposaji katika nyakati tofauti, na alilifungua kwa kumpa usimulizi mzee mmoja ambaye tayari alikuwa mjini humo, ambaye hapo awali tulikuwa tukimtazama kwa macho ya wengine tu. Sasa zidisha fundo hilo kwa wasimulizi zaidi ya kumi na himaya kadhaa, ukikumbuka kwamba sura zilizokwisha kuchapishwa hazifutiki. Mwandishi wa riwaya moja akikwama katika sura ya thelathini hurudi akairekebisha ya tatu. Wa mfululizo hana ruhusa hiyo, kwa sababu sura ya tatu iko nyumbani kwako, imefungwa kwa mpira.

Kwa hiyo ucheleweshaji wenyewe mimi namsamehe, na nakuomba umsamehe nawe. Kisichosameheka kirahisi ni tarehe. Mwanzoni mwa Januari 2016 Martin aliandika waziwazi kwamba juzuu ya sita haijakamilika, kwamba alikosa kuimaliza mwisho wa Oktoba 2015, akaongezewa muda mpaka mwisho wa mwaka, akakosa tena, na kwamba tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu vyake ingeipita hadithi yake vitabuni. Ikaipita kweli, na ikafika mwisho wake mwaka 2019 baada ya vipindi 73. Taarifa ile iliwaumiza wengi, nami nikiwemo, lakini kwa maoni yangu ilikuwa ya heshima kuliko zote alizowahi kutoa, kwa sababu mtu alisimama mbele ya wadai wake akasema sina. Linganisha na mwandishi mwingine wa fantasia, Patrick Rothfuss, ambaye alipotoa juzuu ya kwanza ya mfululizo wake mwaka 2007 alisema kwamba zote tatu zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Ya pili ikatoka mwaka 2011, na ya tatu inasubiriwa mpaka leo. Mwishoni mwa mwaka 2021 aliwaahidi wachangiaji wa mfuko wa hisani kwamba kiasi fulani cha fedha kikifikiwa angewapa sura moja ya kitabu hicho. Kiasi kikafikiwa, na miaka ikapita bila sura. Hapo wasomaji walikasirika wakiwa na haki kamili, kwa sababu hawakuwa tena wanadai kitabu. Walikuwa wanadai neno alilolitamka mtu mwenyewe, bila kulazimishwa, na watu wakalitolea fedha.

Umeuliza pia kuhusu adabu. Kasirika, andika kwamba umekasirika, ukatae kununua vitabu vya pembeni anavyovitoa huku kile kikuu kikingoja. Katika hilo la vitabu vya pembeni mimi niko upande wako, kwa maana kitabu cha mamia ya kurasa kuhusu historia ya ukoo wa kifalme, kama kile cha mwaka 2018, hakiandikwi wakati wa kunywa chai. Lakini kumwandikia mzee aliyezaliwa mwaka 1948 kumuuliza kama hatakufa kabla hajamaliza, jambo ambalo mashabiki wamelifanya kwa miaka mingi, si ukosoaji wa fasihi. Na mpira wa Kimarekani mwachie. Hakuna anayeandika riwaya kuanzia alfajiri mpaka usiku, na saa ya mchezo ambayo ungemnyima isingekuletea hata aya moja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi nimejiwekea sheria kwamba sinunui tena juzuu ya kwanza ya mfululizo wowote mpaka ya mwisho iwe dukani. Rafiki zangu wanasema nawaua waandishi wachanga. Je, ni kweli?
Mwenye Rafu ya Nusu Nusu

JIBU: Ni kweli kiasi, ingawa kesi ya mauaji ina washtakiwa wengi. Mchapishaji huamua kama atatoa juzuu ya tatu kwa kuangalia mauzo ya ya kwanza na ya pili, na wasomaji wote wakikaa kando wakingoja mwisho, mwisho huo unakatwa kabla haujaandikwa. Anayeumia si Martin wala Rothfuss, ambao vitabu vyao vinauzwa hata wakinyamaza. Anayeumia ni yule anayetoa riwaya yake ya kwanza mwaka huu, anayelipishwa deni la watu asiowajua.

Ningekushauri uilegeze sheria yako badala ya kuifuta. Kwa mwandishi mgeni, nunua juzuu ya kwanza uisome ukijiuliza kama inasimama yenyewe, yaani kama kuna jambo lililoanzishwa na likamalizwa humo humo hata mambo makubwa yakibaki. Kwa mwandishi mwenye historia, angalia historia hiyo: Steven Erikson alianza mfululizo wake mkuu mwaka 1999 na kuufunga mwaka 2011 kwa juzuu kumi nene, kwa hiyo kasi si muujiza. Usisahau pia kwamba wapo waliochelewa wakafika. Stephen King, mwaka 1991, alimaliza juzuu ya tatu ya mfululizo wake mrefu huku wahusika wakiwa ndani ya treni yenye wazimu, wakijiandaa kushindana nayo kwa vitendawili ili wasife, akawaacha wasomaji humo kwa miaka sita. Juni 1999 aligongwa na gari akanusurika kufa, na juzuu tatu za mwisho zikatoka zote kati ya 2003 na 2004.

Jambo moja dogo linalonisaidia mimi: nikimaliza juzuu yoyote, siku hiyo hiyo naandika ukurasa mmoja nyuma ya kitabu, nani yuko wapi, nani amekufa, nani anamdanganya nani. Miaka mitano baadaye ukurasa huo huniokoa nisirudie kurasa elfu tatu, na mara nyingine hunionyesha kwamba hata siku ile nilimaliza kitabu sikuwa nimeelewa nani anamdanganya nani.

SWALI: Mhariri, je, si afadhali mwandishi aliyekwama ampe mwingine amalizie? Sisi tunataka hadithi, si jina lililo juu ya jalada.
Nisiye na Subira

JIBU: Limeshafanyika, na matokeo yake yanafaa kutazamwa kwa makini kabla hujaliomba. Robert Jordan alianza mfululizo wake mwaka 1990 na akafariki Septemba 2007 kwa maradhi ya damu, juzuu kumi na moja zikiwa zimetoka na moja ya mwisho ikiwa haijakamilika. Alipojua kwamba siku zake zimehesabika aliwasimulia watu wa familia yake yale yaliyobaki, akaacha maelezo mengi, na sehemu kubwa ya sura ya kufungia hadithi akaiandika mwenyewe. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu hivyo tangu mwanzo, alimchagua mwandishi Brandon Sanderson aimalizie, na ile juzuu moja iliyobaki ikawa tatu, zilizotoka mwaka 2009, 2010 na 2013. Hadithi ilifika, na iliwafikisha wasomaji waliokuwa wameifuata kwa miaka ishirini na mitatu.

Lakini zingatia masharti yaliyokuwapo: maelezo ya mwandishi, mhariri aliyeijua kazi kama kiganja cha mkono wake, mrithi aliyekuwa msomaji wa vitabu hivyo tangu ujana wake, na mwisho uliokwisha kuandikwa. Mkulima wa bustani ambaye mwenyewe hajui kitakachoota hana maelezo ya kumwachia mtu. Isitoshe, hata Sanderson na masharti yote hayo hakuipata sauti yote. Katika juzuu yake ya kwanza yumo mcheza kamari mmoja ambaye katika vitabu vya Jordan huchekesha kwa sababu yeye mwenyewe hajui kwamba anachekesha. Ghafla akaanza kutoa mizaha huku akijua anatoa mizaha. Wasomaji walilalamika, Sanderson akakiri kwamba hakumpata sawasawa, na katika juzuu iliyofuata unamwona akimrudisha polepole, sentensi kwa sentensi, mpaka unakaribia kumtambua.